Chumba Kisicho na Kioo

Bi Mwanakheir alifunga dirisha kwanza, kisha akafunga mlango, kisha akainama kuchungulia chini ya pazia kama kuna miguu ya mtu imesimama ukumbini. Ndipo alipokaa.

"Mimi sina la kusema," alisema.

Inspekta Msabah Jecha hakushangaa. Alishahoji wezi, wauaji na mawakili, na wote mwisho hujikwaa ulimi. Lakini mwanamke anayeosha maiti ni mtu mwengine. Huyo keshaahidi kwa Mungu kwamba aibu aliyoiona juu ya kitanda cha kuoshea ataizika pamoja na mwenyewe. Na huyu bibi ndiye alikuwa shahidi pekee waliyebaki naye.

Tahiya, binti aliyekuwa akipokea wageni kwenye hoteli moja ya Uroa, alishushwa juzi kwenye mlango wa hospitali na wanawake wawili waliofunika nyuso. Walisema kaanguka chooni, wakapanda gari, wakapotea. Daktari wa zamu akaandika kifo cha ghafla bila ya kumgeuza. Kumgeuza ni kazi, na mshahara ni ule ule. Jamaa zake wakamchukua, akaoshwa, akazikwa kabla ya magharibi. Asubuhi yake mtu akapiga simu kituoni, hakujitaja, akasema mgongo wa yule maiti ulikuwa umeungua. Sasa kumfukua kulitaka amri ya mahakama, amri ikataka barua, na barua ikataka sahihi ya mkubwa ambaye alikuwa safarini. Wakubwa wetu daima huwa safarini pale watu wa chini wanapokufa.

"Bibi," alisema Koplo Ummy, askari mwenzake Msabah, mwanamke wa maneno mepesi aliyekuwa amekaa mkekani karibu na mwenyeji wao. "Hatutaki kumfedhehesha marehemu. Tunataka kujua kafa na nini."

"Kafa na siku yake."

"Siku yake ilikuja na nini?"

"Wewe mtoto, usinizungushe. Aliyekupigieni simu si mimi. Ni mmoja katika wale waliokuwa wakinimiminia maji, na Mungu atamuuliza. Mimi nshasitiri. Nikisema leo, kesho nani ataniita nimuoshee mama yake?"

Msabah aliikuna shingo. Jana alikosea, na alijua. Walishampotezea siku nzima mpakaji hina mmoja wa Darajani, wakidhani Tahiya ameungua kwa piko, ile rangi nyeusi wanayopambwa nayo maharusi. Mwanamke wa watu alilia mpaka kamasi, kumbe hakuwahi hata kumwona Tahiya. Alipotoka hapo Msabah akaenda msibani, na kwa haraka zake akauliza mbele ya wanawake wote: nani aliiona alama mgongoni mwa maiti? Yusra, mdogo wake marehemu, akainuka akatoka, mkono ameushika begani kama mtu aliyeumwa na nyuki.

Simu ikalia mfukoni mwake. Ilikuwa simu ya kazi, kuukuu, spika yake mbovu, ikipiga kelele kama redio ya gengeni. Kila mtu chumbani akasikia sauti ya Bi Mwanapili, mama yake Tahiya.

"Baba, Yusra hayupo!"

"Katoka saa ngapi, Bi Mwanapili?"

"Sijui! Watu wamejaa, mimi nimelala tu. Nauliza mtoto yuko wapi, naambiwa katoka kavaa buibui la dada yake. Simu kazima. Kamwambia binamu yake neno, mwenziwe kanificha mpaka sasa hivi. Kasema, 'Mimi sitaki nikifa nioshwe nalo hili.' Nalo nini, baba? Mwanangu ana nini?"

"Kasema anakwenda wapi?"

"Mjini. Kasema mjini tu. Nimezika mmoja juzi, baba. Juzi tu!"

Msabah alimwambia akae karibu na simu, akakata. Bi Mwanakheir alikuwa ameishika mikono yake miwili mapajani, akiitazama.

"Na yeye anacho?" aliuliza pole pole.

"Anacho nini, bibi?"

Bibi akafumba macho. Midomo yake ikacheza kidogo, pengine akiomba msamaha, kisha akasema bila ya kuwatazama.

"Kasa. Kasa kachorwa mgongoni, miguu yake imefika huku na huku kwenye mabega. Nusu ya kasa mweusi, nusu kabadilika, kavimba, kawa mweupe kama ngozi iliyomwagikiwa maji moto. Lakini si hilo lililonitisha. Mgongo mzima ulikuwa una mafuta, na alama ya nailoni, imemkaza huku mbavuni. Glavu yangu ilikuwa imetoboka. Nikamsugua yatoke yale mafuta. Mkono wangu huu," aliuinua wa kulia, "ukafa ganzi. Nilirudi nyumbani nikashika chungu cha moto sikukisikia. Nikasema, huyu maiti ana kitu. Sikulala."

"Halikuwa piko?" aliuliza Ummy.

"Piko lachoma, halitii ganzi. Tena mwari wa watu hajaolewa apakwe piko mgongoni amwonyeshe nani?"

Msabah alishasimama. Ganzi. Kitu kilichokula nusu ya mchoro na kuacha nusu. Mtu alikuwa akiifuta tatuu ile, na kabla ya kuifuta akampaka dawa ya kuua maumivu mgongo mzima, akamfunga nailoni ili izame.

"Ahsante, bibi. Hukumvunjia heshima."

"Usinambie ahsante," alisema Bi Mwanakheir, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Nenda kamtafute huyo mtoto nisije nikaitiwa."

*

Walikuwa wakitembea kwa kasi kwenye vichochoro, Ummy simu sikioni, akizungumza na daktari aliyesoma naye. Aliposhusha simu uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Anasema ile dawa ikipakwa kidogo haina neno. Ikipakwa pakubwa na kufungiwa nailoni, inaingia kwenye damu. Midomo inakufa ganzi, masikio yanavuma, halafu mtu anatetemeka kama mwenye degedege, halafu moyo. Anasema tukimkuta tuchane nailoni, tumuoshe, tumpeleke mbio. Na tujue ni dawa gani."

"Na tukichelewa?"

"Kasema tusichelewe, afande."

Ummy alifungua tangazo moja kwenye simu yake. Lilikuwa limezagaa kwenye makundi ya wanawake tangu mwezi wa mfunguo mosi: *Maharusi na wanaokwenda Hija, futeni tatuu kwa leza, bila maumivu, siri yako ni yetu.* Hakuna jina, hakuna mtaa. Namba ilipopigwa haikupatikana. Unguja nzima, na mahali penyewe ni chumba kimoja. Msabah aliwaza tu: mtu yeyote mwenye mashine ya leza, ile ya mwanga unaochoma rangi ngozini, hata awe mwizi, kuna siku atakuwa amekwenda dirishani kuulizia leseni. Watu wetu wanaogopa serikali hata wanapoivunjia sheria.

Afisa wa leseni za biashara aliitwa Anuar. Alikuwa mtu wa miaka arubaini hivi, shati limepigwa pasi vizuri, kiyoyozi kikimpuliza kisogoni. Mlangoni kulikuwa na foleni ya watu wanaosubiri mhuri. Serikali hii ina mihuri mingi kuliko dawa. Msabah aliipita foleni akaingia.

"Bwana Anuar, nani ana ruhusa ya kufuta tatuu kwa leza hapa mjini?"

"Hakuna."

"Una hakika?"

"Yakhe, ile si draya ya nywele. Ile ni tiba." Anuar alizungumza kama anayesoma ubaoni. "Mahali pawe pamesajiliwa kuwa kituo cha tiba, si saluni. Awepo daktari aliyesajiliwa. Anayeishika mashine awe amefunzwa, ana cheti. Dawa ya ganzi aitoe daktari, asiitoe mpakaji rangi. Mashine yenyewe ikaguliwe na wenye vifaa vya tiba. Kuna miwani maalumu, mgonjwa na mwenye kazi wote wavae. Na chumba kiwe na giza, kisiwe na kioo hata kimoja, maana mwanga ule ukigonga kioo unarudi, ukiingia jichoni jicho limekwenda."

"Unajua sana. Nani alikuja kukuuliza?"

Anuar alinyoosha kalamu zake mezani. "Wanakuja watu."

"Kwa jambo hili wamekuja wangapi?"

"Afande, mimi natoa leseni za biashara tu. Mambo ya tiba ni wenye tiba. Mashine zikiingia ni watu wa forodha. Nenda kule."

"Na kule wataniambia nije huku," alisema Ummy. "Kila mmoja kashika mguu mmoja wa kitanda, maiti anaanguka katikati."

"Bi Koplo, usinikosee adabu."

Msabah aliinama, akaweka viganja juu ya meza. "Kuna msichana sasa hivi, saa hii unayozungumza, pengine kalala kifudifudi kapakwa dawa iliyomuua dada yake. Nani alikuja?"

Anuar alitazama mlango.

"Mwanamke. Ana saluni ya maharusi. Nilimwambia masharti kama nilivyokwambia wewe. Akacheka. Akasema, 'Saluni isiyo na kioo, Bwana Anuar, si bora nifungue banda la kuku?' Akaenda zake. Basi."

"Saluni yake ina leseni?"

"Ya urembo. Ndiyo."

"Uliikagua?"

"Niliikagua."

"Ina vyumba vingapi?"

"Vya... vya kutosha."

"Juu kuna nini?"

"Juu ni... kuna ngazi."

Ummy alivuta kiti akakaa bila ya kukaribishwa. "Bwana Anuar, mlangoni pana pazia?"

"Lipo."

"Limeandikwa wanaume marufuku?"

"Limeandikwa."

"Sasa wewe uliingia vipi?"

Kiyoyozi kilinguruma. Nje mtu alikohoa kwenye foleni.

"Kule ndani kuna wanawake wako vichwa wazi, wengine wanasingwa, wanasuguliwa singo mwili mzima," alisema Anuar, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyekamatwa. "Mimi mtu mzima niingie? Watu wangesemaje? Tulikaa barazani mimi na mwenzangu. Akatuletea kahawa na halua, akatuelezea. Chumba fulani kiko hivi, chumba fulani kiko hivi. Tukaandika."

"Mlikagua barazani."

"Wote tunakagua hivyo! Hatuna mkaguzi mwanamke. Nimeshaomba, nimeomba, wakubwa wanasema bajeti. Sasa mtaniangusha mimi? Nna watoto, afande."

"Saluni iko wapi?"

"Msinitaje."

"Iko wapi, Anuar!"

"Kiponda. Nyumba ya ghorofa mbili, baraza nyekundu. Ya Bi Ummkulthum."

*

Baraza ilikuwa nyekundu kweli, imesuguliwa ikang'ara. Pazia la mlango lilikuwa la kijani, na maandishi yalikuwepo. Msabah alisimama mbele yake, asiingie. Akiingia akakuta maharusi wa watu uchi wa singo, na Yusra hayumo, hiyo si kesi tena, ni fitina ya mji mzima. Harusi zitavunjika. Wakubwa watamtoa kafara kabla ya adhana ya alasiri.

"Mimi naingia," alisema Ummy. Alikuwa amejitupia buibui juu ya sare. "Simu naiacha wazi. Sikiliza."

Akapiga hodi, akatoweka nyuma ya pazia. Msabah alikaa pale pale barazani, pengine pale pale alipokaa Anuar na kikombe chake, simu kaibana sikioni. Alisikia vicheko, draya za nywele, taarabu chini kwa chini.

"Karibu shoga yangu!" Sauti nene, ya mwanamke mwenye nyumba. "Bi harusi wewe au mama wa bi harusi?"

"Umri huu nataka niwe bi harusi, Bi Ummkulthum. Mume ndiyo sijamwona."

Wakacheka. Ummy akaomba kutembezwa. Msabah alisikiliza hatua. Chumba cha nywele, vioo kila ukuta. Chumba cha hina, vioo. Chumba cha singo, kuna kioo kirefu. Hakuna mashine. Hakuna Yusra.

Aliinua macho kuitazama nyumba. Madirisha yote ya juu yalikuwa wazi, vibao vyake vimesukumwa nje kwa sababu ya joto. Isipokuwa moja, la mwisho kulia. Hilo lilikuwa limefungwa na kuzibwa kwa ndani kitu cheusi, na kiyoyozi chake kilikuwa kinafanya kazi, kikidondosha maji kichochoroni.

"Ummy," alisema taratibu, "kama unanisikia, kohoa."

Ummy akakohoa.

"Juu, mwisho kulia."

Hatua zikapanda ngazi za mbao. Kisha Ummy akasema kwa sauti ya kushangaa, kama mteja tu, "Bi Ummkulthum! Vioo vizuri hivi mnaviweka ngazini? Virefu hivi?"

"Aa, hivyo... tunapaka rangi kile chumba."

Msabah alifumba macho. Vioo viwili virefu vimetolewa chumbani vikaegemezwa ngazini. Saluni gani inatoa vioo chumbani? Inayoogopa vioo. Hilo sharti moja, katika masharti yote ya Anuar, ndilo Bi Ummkulthum aliloliamini, maana lilikuwa la kumlinda aliyeshika mashine. Ya kumlinda aliyelala kitandani aliyaacha.

"Mbona sisikii harufu ya rangi?" Ummy hakuwa mteja tena. "Fungua mlango huu."

"Ah! Wewe nani?"

"Polisi. Fungua, mama."

"Sifungui! Mna bi harusi mle, hana nguo! Leseni ninayo, imetundikwa pale ukutani, ina mhuri! Nendeni mkaulize!"

Kishindo. Ummy alikuwa akiupiga mlango bega. Msabah aliijua milango ile ya mvule. Angevunjika yeye kabla ya mlango. Mwenye mashine ndani hatafungua. Amesikia "polisi". Au hajasikia, kwa mngurumo wa kiyoyozi na mashine?

"Ummy, nyamaza," alisema Msabah kwenye simu. "Usipige tena. Simama pembeni ya mlango, na macho yako yatazame ukuta."

Pazia la kijani alilivuta akaingia hatua moja tu, mpaka pale ukumbini ilipotundikwa mita ya umeme. Mwanamke mmoja mwenye rola kichwani alimwona akapiga ukelele. Msabah aligeuza uso, akanyoosha mkono, akaishusha swichi kubwa.

Nyumba nzima ikafa. Draya zikanyamaza, taarabu ikakatika katikati ya neno.

"Washauchukua umeme!" alisema mtu ndani, kwa kuchoka kabisa.

"Na nywele zangu zimo nusu!"

"Washeni jenereta basi, Bi Ummkulthum, tunakufa joto!"

Na juu, mwisho kulia, ukatokea mlio wa komeo. Msichana wa mashine, aliyezoea kukatikiwa umeme kama sote tulivyozoea, alifungua mlango mwenyewe, akatoa kichwa.

"Mama! Jenereta!"

Ummy akatia mguu.

Msabah alisikia patashika kwenye simu, kiti kikianguka, msichana akilia. Kisha sauti ya Ummy, nyembamba, asiyopata kuisikia hata siku moja kwake.

"Afande. Nimempata. Kafungwa nailoni."

"Yuko hai?"

"Anasema... Yusra, mwanangu, unanisikia? Anasema midomo haisikii. Anasema anasikia mawimbi masikioni. Nachana hii nailoni. Leteni maji! Maji, na kanga!" Kikapita kitambo. "Afande, anatetemeka. Mikono. Afande, macho yamegeuka! Siwezi kumbeba peke yangu, na hawa wote wamekimbilia uani!"

Msabah alikwenda mpaka chini ya ngazi. Bi Ummkulthum alikuwa akishuka mbio, mwanamke mnene, dhahabu mikononi, uso umelowa jasho. Alipomwona akasimama, akanyoosha mikono kuziba njia.

"Hapandi mwanamume humu!"

"Anakufa, Bi Ummkulthum."

"Yule wa juzi alisema amechoka tu! Mimi nilidhani kachoka!" "Siwezi kukupisha. Kuna watoto wa watu wamejificha vyumbani, hawana kitu mwilini. Wataniua. Waume zao wataniua."

"Vua hiyo kanga."

"Nini?"

"Kanga yako ya begani. Nifunge macho, kisha nishike mkono unipeleke. Haraka!"

Mwanamke alimkodolea macho. Kisha akaivua, akamzungushia kichwani, akafunga fundo. Giza. Harufu ya udi na jasho la hofu. Mkono wenye bangili ukamshika kiganja.

"Ngazi," alisema Bi Ummkulthum. "Nyengine. Nyengine. Hapa pana kona. Jihadhari na vioo."

Hivyo ndivyo Inspekta Msabah alivyopanda, kipofu, akiongozwa na mtuhumiwa wake, na kila hatua alisubiri kusukumwa. Hakusukumwa. Kulikuwa na baridi ya kiyoyozi usoni, kisha harufu ya nywele zilizoungua.

"Nimeshamfunika," ilisema sauti ya Ummy. "Mbele yako. Inama. Nyosha mikono."

Alimpokea. Msichana alikuwa mwepesi, amelowa, amefungwa kanga mpaka shingoni. Mwili wake ulikuwa ukiruka ruka mikononi mwake kama samaki aliyetiwa ndoo. Akashuka naye vivyo hivyo, kinyumenyume, bangili zikimwongoza, na katikati ya ngazi mtetemeko ukakoma ghafla. Hilo ndilo lililomtia hofu zaidi.

"Anapumua?"

"Teremka tu, afande. Teremka!"

Nje akaing'oa ile kanga usoni. Gari haziingii Kiponda. Alikimbia na mzigo wake mpaka barabarani walikoliacha gari lao, watu wakiruka kando, mwenye Vespa mmoja akiwatangulia akipiga honi kuwasafishia njia. Garini Ummy, aliyekwisha kuwaita wenzao wa kituoni wamfuate Bi Ummkulthum, alimshika Yusra kichwa mapajani. Msichana wa mashine alikaa mbele kwa pingu, koti lake jeupe la daktari limechanika bega.

"Ile dawa ya ganzi ina nguvu gani?" aliuliza Msabah, huku akiendesha.

"Sijui."

"Kopo limeandikwa nini?"

"Nikisema mtanifunga."

"Utafungwa tu. Chagua ufungwe kwa kifo kimoja au viwili."

Msichana alitazama nyuma. Aliutazama uso wa Yusra kwa mara ya kwanza, maana kazi yake ilikuwa migongo.

"Haina maandishi," alisema akilia. "Tunaagiza nje, inakuja kwenye ndoo. Aliyetuuzia kasema ina nguvu mara sita ya ile ya duka la dawa. Mama akasema tupake nyingi, wateja wasipige kelele. Mimi nimesomea kwenye simu. Nimesomea kwenye simu tu!"

Ummy alikuwa keshampigia daktari wake, akimwambia neno kwa neno.

*

Safari hii walimgeuza. Walikuwa wakimsubiri mlangoni, wakamtia mishipani dripu nyeupe kama maziwa, ya kuivuta ile dawa katika damu, na Msabah akasimama ukumbini akiitazama milango ile yenye kingo za mpira. Mkewe aliingia kwenye milango kama hiyo miaka iliyopita, akatoka kafunikwa, huku faili lake likitafutiwa mhuri. Hakukaa. Alitembea mpaka Ummy alipomwita.

Yusra alikuwa amelala kwa ubavu, mashine ikihesabu moyo wake. Macho yalikuwa wazi. Midomo bado mizito.

"Nani kaniona?" alinong'ona.

"Mimi," alisema Ummy. "Na daktari, mwanamke."

"Na huyo?"

"Huyo kakubeba kafungwa macho na kanga. Kajigonga kichwa kwenye kona, muone lile nundu."

Msabah alikuwa amegeukia ukuta. Hakugeuka. Alisikia msichana anaanza kulia, kilio cha mtu aliyekosa nguvu hata za kulia.

"Dada Tahiya hakuanguka chooni," alisema Yusra.

"La. Hakuanguka."

"Walikuwa wanamsema. Pale msibani. Wanasema kafa na laana mgongoni. Nikaona na mimi watanisema. Mama atasikia."

Msabah alitoka, akatafuta pembe yenye mtandao, akapiga. Bi Mwanapili alipokea kabla simu haijalia sawasawa. Ilikuwa pumzi tu.

"Yu hai, Bi Mwanapili."

Kikatoka kilio, kisha nyuma yake kilio cha nyumba nzima ya wanawake, kisha mtu akawanyamazisha.

"Nipe kweli yote," alisema mama. "Ilikuwa nini?"

Akampa. Kasa wawili waliochorwa siku moja pwani ya Uroa, ndugu wawili wakicheka. Posa ya Tahiya, iliyomfanya atake kumfuta kasa wake. Mashine, ndoo isiyo na jina, baraza nyekundu. Hakumficha hata swali lake mwenyewe la jana, mbele ya wanawake. Mama alisikiliza bila ya kumkata.

"Na hilo la Yusra," alisema mwisho, "halijafutwa?"

"Hawakuwahi. Liko zima."

Msabah alingoja. Nyuma ya simu alisikia wanawake wamenyamaza, wote, wanasikiliza.

"Basi mwambie mwanangu," alisema Bi Mwanapili, na aliinua sauti ili wamsikie wote waliokuwa mle ndani, "mwambie aje nalo hivyo hivyo. Nyumba hii ni yake."